Rangi Iliyokataa Kufifia

Fausta hakuwa mtu wa kumkatia simu mkubwa wake, na hapo ndipo alipojifunga kamba mwenyewe.

Katika maabara moja ya utafiti pale Tunduma, kazi yake ilikuwa kuzipaka rangi seli za kinga, wale askari wa mwili. Rangi hiyo hung'aa kijani ndani ya mashine. Seli ikigawanyika, kila mtoto hurithi nusu ya rangi. Zikififia, ujue zimezaana. Lakini rangi ikiachwa kupita dakika zake, huziua.

Jumatatu, akiwa ameshaitia rangi kwenye seli za damu ya mgonjwa kutoka Ivuna, baba yake mdogo, Yesaya, akapiga simu kutoka Igamba. Baba mzazi wa Fausta amezidiwa. "Tuombe, mwanangu," alisema. Yesaya ni mzee wa kanisa, na sala yake huanzia Mwanzo ikaishia Ufunuo. Nani amkatize mtu anayemwombea baba yako? Fausta alifumba macho. Alipoitikia amina, muda ulikuwa umepita zamani. Akaziosha seli, akazifungia kwenye kabati la joto, akanyamaza. Aliogopa kibarua kitaota nyasi.

Jumatano baba akafariki. Mazishi yakapangwa Ijumaa, siku ileile ya kuzisoma seli.

"Daktari, naomba ruhusa nikamzike baba," alimwambia mkuu wake, Dokta Jenista.

"Pole sana, Fausta. Tatizo mwenzako Clement yuko masomoni, na mashine unaijua wewe peke yako. Hizo seli zikoje lakini? Zinafaa kusubiriwa?"

Mlango ulikuwa wazi: angesema zimekufa, angeruhusiwa kwenda. "Zinafaa," alisema.

Ijumaa aliketi mbele ya mashine, khanga ya msiba begani. Igamba si mbali. Watu wote walikuwa makaburini isipokuwa mtoto wa marehemu. Alijichukia. Picha ilipotokea, seli chache zilizosalia ziling'aa vilevile. Hata moja haikugawanyika.

Simu ikalia. "Tumeshamzika, mwanangu," alisema Yesaya. "Tulikusubiri mpaka mvua ikatushinda."

Ndipo alipoinuka, akamweleza Dokta Jenista yote, na sala ile akaitaja. Daktari alivua miwani, akamtazama kwa huruma iliyomuuma kuliko matusi.

"Fausta, mgonjwa bado yumo wodini," alisema. "Ungeniambia Jumatatu, damu nyingine tungeitoa jioni ileile."