Unga Niliouficha Kwenye Miro

Nilimtilia mzee wangu dawa kwenye mboga kwa wiki tatu bila yeye kujua, na nusura nimzike. Nalisema mapema, usije ukadhani nitalizunguka.

Ilikuwa miaka ya tisini. Watoto walikuwa wameshaondoka kila mmoja na kwake, tumebaki wawili na shamba la miwa. Mzee alipatikana na ugonjwa wa sukari. Hospitali kule mjini Kakamega wakampa tembe za kumeza kila asubuhi na kumkataza vitamu. Mimi nikachukua kopo la sukari nikalifungia sandukuni. Wageni waliolalamikia chai niliwaambia wakanywe kwao.

Shule niliishia darasa la pili, na mashine ya kupima damu sikuwa nayo. Lakini nilikuwa na sisimizi. Mzee alikuwa anakojoa nyuma ya migomba, na sisimizi walikuwa wakijaa pale kama wameitwa. Kila asubuhi nilikwenda kuwaangalia. Wakiwa wengi, nilijua sukari iko juu.

Siku moja sokoni nikamkuta mwuzaji wa dawa za miti akipaza sauti kwa spika. "Hii inamaliza sukari kabisa, mama! Utamwona mzee akilamba asali!" Nikanunua karatasi moja ya unga wake. Mzee akakataa hata kuinusa.

"Daktari alisema nisichanganye."

"Huyo daktari ndiye anakufulianga nguo?"

Hakucheka, na unga hakula.

Basi nikafanya ninachojua. Miro ni mboga chungu. Kwetu tunaichemsha, tunaitia maziwa, tunaiacha ilale siku mbili tatu mpaka uchungu upungue. Mimi nikaanza kuipakua kabla haijalala vizuri, na ndani yake kijiko cha ule unga. Nani angejua? Mzee alikula na obusuma yake, ugali wetu wa kila siku, amekunja uso.

"Mama, miro yako siku hizi ni kali."

"Ulimi wako ndio umezeeka."

Akamaliza yote. Alikuwa mtu wa kuheshimu chakula.

Wiki ya pili sisimizi wakapungua. Wiki ya tatu sikuona hata mmoja. Nilisimama pale kwenye migomba nikajisifu peke yangu. Jioni ile nikatia vijiko viwili, nimalize ugonjwa.

Kesho yake alimeza tembe zake kama kawaida, akatoka na jembe. Jua halijawa kali nikamkuta ameketi kando ya miwa, shati limelowa jasho, mikono inatetemeka. Aliniita kwa jina la mama yake. Nikapiga kelele. Wifi yangu, dada yake mzee ambaye boma lake limepakana na letu, akaja mbio na kikombe cha chai.

"Mpe anywe! Huyu ana njaa!"

"Chai ya sukari? Unataka kumuua ndugu yako?"

Nilikipiga kile kikombe, chai yote ikamwagika.

"Haya," wifi akasema. "Huo ukali wako ndio utamzika."

Mzee akaanguka ubavu. Tukampakia kwenye trela la trekta la miwa lililokuwa likipita, mpaka hospitali.

Nesi alimdunga kidole, akaangalia mashine, akamwita daktari kwa sauti ya kutisha. Daktari akaja na sindano nene.

"Hiyo ni nini?" nikauliza.

"Sukari, mama."

Nilimshika mkono. Naam, daktari mzima nilimshika mkono. "Mgonjwa wa sukari unamdunga sukari? Umerogwa?"

"Niachilie, mama. Sukari yake imekwisha. Ikibaki hivi anakufa."

Akaidunga. Bado nabishana, mzee akafungua macho, akauliza jembe lake liko wapi. Nilikaa sakafuni. Ile chai niliyoimwaga ndiyo iliyokuwa dawa!

Haikuishia hapo. Mchana sukari ikashuka tena, wakamwekea dripu. Daktari akamwuliza mzee kama kuna dawa nyingine anayotumia.

"Kama nimeonja, Mungu ananiona," mzee akasema. Na alisema kweli yake.

"Nisipojua kinachoishusha, sijui nimlinde kwa siku ngapi," daktari akatuambia. "Nikimruhusu leo, anaweza kulala asiamke."

Karatasi ya unga ilikuwa kwenye fundo la leso yangu. Ningenyamaza, nani angenipekua? Nikalifungua fundo, nikasema nilivyoutia kwenye miro.

Daktari alimwaga kidogo kiganjani, akautawanya kwa kidole. Ndani mlikuwa na chenga nyeupe. "Mti gani una chenga kama hizi? Siwezi kuapa kabla haujapimwa, lakini wako wauzaji wanaosaga tembe zetu hizi hizi wakachanganya na majani. Na hata ukiwa mti mtupu, miti mingine inashusha sukari kweli. Ukiiongeza juu ya tembe, mtu anaanguka."

"Lakini sisimizi walikuwa wameisha," nikasema, kama mjinga.

"Sisimizi wanakuja kwa sukari ya mkojo, mama. Hawawezi kukuambia ya damu imeshuka mpaka wapi."

Mzee alinitazama, halafu akageukia ukuta. Katika miaka yote tuliyokaa pamoja sijaogopa kitu kama nilivyouogopa ule mgongo.

Baada ya siku tatu tukarudi nyumbani. Nikampakulia obusuma na miro iliyolala vizuri. Hakugusa.

"Onja wewe kwanza."

Mimi! Niliyempikia tangu sijazaa! Nilitaka kumnyang'anya sahani. Nikaonja, nikameza akiniangalia koo. Ndipo akanawa mikono.

Ikawa hivyo miezi mingi. Siku moja wifi alikuwa kwetu, mzee akamega tonge bila kuningoja.

"Leo umesamehewa!" wifi akacheka.

"Ngoja," nikamwambia mzee. Nikaonja kwanza.

Na lile kopo la sukari nililitoa sandukuni. Nililiweka karibu na mlango, mahali wifi anaweza kulichukua bila kuniuliza.