Poni na printa iliyosema hakuna karatasi

Bado kichwa yangu inakataa. Asubuhi simu inaniambia Poni wa Koboko ametutoka, nikauliza mara tatu: Poni gani?

Poni yule dada tulikuwa naye ofisi moja ya mbegu hapa Arua, miaka ya tisini, wakati kompyuta ilikuwa bado inafunikwa kitambaa kama bibi harusi.

Vijana mnajua mimi ndiye mtu wa kwanza mkoa wetu wote wa West Nile kugusa kompyuta. Poni akisikia hivyo alikuwa anacheka tu.

Siku ile ya printa, lori ya mbegu ilikuwa inangoja listi ya wakulima wa Koboko. Mvua imeshaanza. Bosi alikuwa amesema listi ikichelewa tena, mimi narudi kwetu Ajia kulima.

Nikaamuru kazi mbili mara moja, listi ya Koboko na ya Vurra, zote kutoka faili moja ya majina, nionyeshe watu spidi. Kompyuta ikanyamaza. Halafu ikaandika: hakuna karatasi.

Karatasi iko. Nikaongeza. Hakuna karatasi. Nikafungua printa mpaka utumbo, nikapuliza. Hakuna karatasi. Dereva anapiga honi nje.

Poni akaja na chai yake, akaangalia.

"Fundi, unakumbuka ulivyokutana na mama mkwe kwenye njia ya Ajia?"

Nitasahau vipi? Kwetu mkwe hapiti mbele ya mama mkwe. Nilijificha kwenye mihogo nikingoja apite. Kumbe yeye amejificha ng'ambo, anangoja mimi. Jua ilituchoma mpaka saa tisa. Nikisimulia, mimi husema siku mbili.

"Basi kazi zako iko hivyo. Moja imeshika printa, inangoja majina. Ingine imeshika majina, inangoja printa. Karatasi inasingiziwa tu. Ondoa moja, ingine itapita."

Akaiondoa ya Vurra. Printa ikalia kama cherehani. Lori ikaenda, Koboko wakapanda.

Bosi akauliza nani ametengeneza. Poni akanywa chai kwanza.

"Fundi wetu," akasema.

Nikabaki na kazi, na ile kazi ilisomesha watoto wangu wote, mimi mtu wa darasa la tano. Na miaka yote nikijigamba na ile printa, hakunikosoa mbele ya watu hata siku moja. Leo nasema mwenyewe: ilikuwa yeye.

Asante, dada yangu. Umepita kwanza. Mimi bado niko kwenye mihogo, naangalia mgongo wako. Enda polepole, ulale vizuri.