Asubuhi "Kaeni Ndani", Mchana "Njooni Sokoni"

Saa moja unusu asubuhi, siku ya Ijumaa, don Fidencio Tecuapetla amesimama kwenye bodi ya pikapu yake nyeupe, anafuta vumbi kwenye vipaza sauti viwili alivyovifunga kwa waya juu ya paa. Anashuka taratibu, mkono kiunoni, anaketi nyuma ya usukani, anapuliza maiki mara mbili na kuchomeka flashi.

"Wananchi wa Tlalpantzin," inanguruma sauti yake mwenyewe, "korona ipo. Kaeni majumbani. Usitoke kama huna shida ya lazima."

Gari linajongea mtaa wa kwanza kwa mwendo wa kobe. Mama mmoja anayefagia mbele ya mlango wake anainua ufagio.

"Don Fide! Leo umetumwa na nani? Tukae au tutoke?"

"Saa hizi mkae, mama."

"Na mchana?"

"Mchana tutaonana!"

Mama anacheka mpaka anashika ukuta. Don Fidencio hacheki. Anapandisha kioo na kusonya.

"Miaka ishirini na saba sijawahi kuitwa mwongo," anasema. "Miezi mitatu hii mji mzima unaniita mwongo, tena kwa upendo. Hilo ndilo linaloniuma."

Na mji una haki yake. Tangu mwisho wa Machi, asubuhi anakodishwa na halmashauri kuwaambia watu wakae ndani. Ikifika saa tano, anakodishwa na wenye maduka waliobakiza mlango nusu wazi, mwenye kuku, mwenye mabomba, mwenye mashine ya tortilla, zile chapati za mahindi. Hapo flashi inabadilika: "Wahini, wahini, bei imeshuka!" Gari ni lile lile, mitaa ni ile ile, na sauti ndiyo ile ile.

Hakuna mwingine mwenye vipaza sauti hapa. Ukizaliwa Tlalpantzin, sauti ya pili ya mwanamume unayoijua baada ya baba yako ni ya huyu mzee wa miaka sitini na moja. Nguruwe akipotea, anatangaza yeye. Shule ikiandikisha watoto, yeye. Hata mwandishi wa makala haya alitangazwa naye, alipopotea kwenye sikukuu ya mtakatifu wa mji akiwa na miaka minne. Walionipata walikuwa wamesikia gari.

Na misiba pia anaitangaza yeye. Miaka mingine yote ilikuwa mitatu au minne kwa mwezi. Mei mwaka huu alitangaza kumi na saba.

"Familia zinanishika mkono, zinaniambia, sema alikuwa na sukari," anasema. "Basi nasema sukari. Mwaka huu watu wote wanakufa kwa sukari. Mimi nasoma tu, lakini si mjinga."

Katika mwezi huo huo alifanya kosa ambalo halijamtoka mpaka leo. Flashi zake tatu zilikuwa zinafanana. Akasimama mbele ya nyumba ya fundi seremala aliyefariki usiku, watu wameinamisha vichwa, akabonyeza, na vipaza sauti vikapiga kelele: "Wahini, wahini kabla hazijaisha!"

"Nilitamani ardhi inimeze. Mjane akatoka mlangoni, akanitazama. Akasema tu, 'Fide, weka la kwake.' Nikaweka."

Siku hiyo mkewe, Eulalia, alichukua rangi yake ya kucha akapaka flashi ya misiba. Ndiyo nyekundu unayoiona ikining'inia kwenye kioo.

Sasa kuhusu rangi. Mji wetu hauna hata taa moja ya kuongozea magari. Ng'ombe na mabasi wanapishana kwa macho. Lakini tangu Juni serikali imetuletea taa ya korona: nyekundu ni kukaa ndani, rangi ya chungwa ni kufungua kidogo, kijani ni kufungua yote, tukijaliwa. Utawasikia wazee waliokaa kizingitini wakibishana, sisi ni rangi gani leo, na hakuna aliyewahi kusimamishwa na taa maishani mwake.

Alhamisi jioni halmashauri ilimpigia simu don Fidencio. Tumekuwa chungwa. Soko la Jumapili, lililofungwa kwa wiki kumi na moja, linafunguliwa. Atangaze Jumamosi kutwa.

Angefurahi, maana kazi ni kazi. Lakini tangu simu hiyo hajakaa kwenye kiti dakika tano. Anainuka, anatazama dirishani, anarudi, anainuka tena. Sababu yuko jikoni, anakaanga ufuta.

Eulalia ana miaka hamsini na minane na anauza mole, ule mchuzi mzito wa pilipili kavu, ufuta na kakao, uliosagwa ukawa donge. Anauzia mahali alipouzia mama yake, nafasi ya mita mbili yenye jiwe la kukalia, kando ya ukuta wa kanisa. Ana kisukari, na cha kwake ni cha kweli, ana dawa zake juu ya friji.

Sheria ya soko letu haijaandikwa popote na hakuna asiyeijua. Siku ya soko, nafasi ikiwa tupu mpaka saa tatu asubuhi, anapewa aliye kwenye foleni ya kungoja. Akishakaa, kumtoa ni vita. Anayeruhusiwa kukushikia ni damu yako tu. Mume si damu. Na damu pekee ya Eulalia ni binti yake, Maricela, yuko New Jersey, kwenye mgahawa uliofungwa tangu Machi. Hela aliyokuwa akituma nayo ilifunga mlango.

"Soko lisipofunguliwa sina neno, wote tumekaa," anasema Eulalia bila kuacha kukoroga. "Likifunguliwa naenda. Lile jiwe lina umbo la makalio ya mama yangu. Nimwachie nani? Yule muuza soksi anayengoja kwenye foleni?"

"Na mapafu yako utamwachia nani?" mumewe anamuuliza.

"Wewe ndiye unayelifungua soko, baba. Usitangaze basi!"

Ufuta unaungua kidogo.

Ijumaa hiyo, kabla ya saa sita, watu wawili walimfuata kwenye gari. Wa kwanza alikuwa Daktari Nohemí wa zahanati, barakoa imemwachia alama mashavuni.

"Don Fidencio, nina mitungi miwili ya oksijeni. Miwili. Ukitangaza wewe watakuja hata wa milimani. Halmashauri ikibandika karatasi yake ukutani, nani anaisoma? Wanakusikiliza wewe."

"Daktari, nisipotangaza wataniletea mwingine."

"Nani mwingine? Mtaje."

Don Fidencio akawasha gari.

Hajafika mbali, huyu hapa doña Obdulia, mwenyekiti wa wafanyabiashara na muuza kuku, mama wa kifua mbele ambaye hajawahi kunong'ona.

"Nimemwona daktari. Mtu mwema, Mungu ambariki. Lakini yeye zahanati ikiwa wazi mshahara upo, ikifungwa mshahara upo. Mimi nina wanachama wanaokula tortilla na chumvi. Wawili wameuza mizani yao. Mizani, Fide! Muuza nyanya bila mizani ni nini?"

"Na wakifa, Obdulia?"

"Wanakufa sasa hivi, polepole, wala huwatangazi hao. Mtu wa njaa hana flashi."

Don Fidencio alimsindikiza kwa macho. Aliniambia wote wawili wamesema kweli, na hilo linamtia wazimu kuliko kama mmoja angekuwa mwongo.

Jumamosi asubuhi akatoka. Aliweka tangazo la halmashauri kama lilivyo, kwa sauti ile ya furaha: soko kesho, vaeni barakoa, msisongamane. Mtaa wa kwanza, wa pili. Watu wakatoka milangoni kana kwamba mvua imeanza baada ya kiangazi. Wengine walipiga makofi. Mimi nilikuwa kiti cha pembeni na nakiri nilifurahi, nilikuwa nimelikumbuka soko.

Kwenye kona ya kinyozi akazima mashine. Akachukua maiki. Miaka yote hii hazungumzi moja kwa moja, hurekodi kwanza nyumbani, anaogopa kukohoa.

"Wananchi," akasema, "tangazo hilo nimelipwa. Hili sikulipwa. Mwezi uliopita niliwasomea misiba kumi na saba. Nilisema sukari. Haikuwa sukari. Wenye misiba mnisamehe."

Kinyozi alitoka na mkasi mkononi.

"Kesho mke wangu Eulalia atakuwa ukutani kwa kanisa, kwa sababu asipokaa nafasi inakwenda. Yeye ana sukari kweli. Nawaomba msimsogelee. Msinunue kwake. Mole ipo nyumbani, nipigie simu nitakuletea mpaka mlangoni. Pale sokoni mwacheni akae peke yake. Asanteni."

Akarudia maneno hayo kila kona, mitaa yote kumi na minne, sauti ikikauka. Mtaa wa kanisa ulikuwa wa mwisho na hapo aliyasema akilia, waziwazi, bila kujificha.

Nyumbani alipokelewa kwa kijiko cha mbao.

"Umenitangaza kama ukoma!" Eulalia alifoka. "Mume mzima unawaambia watu wasinunue kwangu! Umewahi kusikia wapi?"

"Sijawahi."

"Hata mimi sijawahi!" Kisha akakaa chini, akafunika uso kwa aproni, na mabega yake yakatikisika. Akicheka au akilia, mumewe anasema mpaka leo hajui.

Jumapili soko lilijaa. Barakoa zilikuwepo, nyingi zikiwa kidevuni. Eulalia alifika saa kumi na mbili na nusu, akatandika kitambaa, akapanga madonge yake ya mole, akajifunga barakoa aliyoishona kutoka kitambaa cha meza. Mbele yake watu wakaacha nafasi wenyewe, bila kuambiwa tena.

"Lala, leo sikusogelei, mumeo kanikataza!" alipaza sauti bibi mmoja kutoka upande wa pili, akimwita Eulalia kwa jina lake la kifupi.

"Basi nirushie salamu!"

"Pokea!"

Vicheko vikapita sokoni. Niliona watu wengi wakimpungia mkono na kuendelea na njia yao. Don Fidencio alisimama karibu na mti wa katikati ya soko, kofia mkononi, akihesabu kwa macho kila aliyepita.

Lakini mole hainunuliwi bila kuonjwa. Ndivyo tulivyolelewa. Muuzaji anakupaka kidogo nyuma ya mkono, unalamba, unatikisa kichwa, mnapatana. Watu watano walikuja hivyo hivyo, wengine wa milimani ambao hawakusikia gari. Mmoja, mwanamume mwenye kofia ya majani, aliinama mpaka usoni kwa Eulalia, akashusha barakoa, akalamba, na akakohoa. Mara moja, mara mbili, mara tatu, bila kuziba mdomo.

"Pilipili!" alisema akicheka, machozi yanamtoka. "Kali kweli, mama!"

Eulalia alicheka naye na kumfungia robo kilo. Mumewe hakucheka.

"Inawezekana ni pilipili," ananiambia. "Mole ya Lala inakohoza watu tangu enzi za mama yake. Kila anayeonja anakohoa! Sasa nitajuaje?"

Tangu siku hiyo mambo mengine yamebadilika. Wenye maduka wamemnyima matangazo ya mchana. Doña Obdulia hamsalimii, ingawa Jumatano aliagiza kilo moja ya mole kwa simu na kuipokea mlangoni. Familia moja ya waliofiwa imemrudia, ikamwomba asome upya tangazo la baba yao na aseme ukweli wake. Amelisoma. Oda za simu zinafika kumi na mbili kwa siku, ni kama nusu ya mauzo ya zamani, na anazipeleka mwenyewe, anaacha kizingitini na kurudi nyuma hatua nne.

Daktari Nohemí amemwambia ahesabu siku kumi na nne tangu kikohozi kile. Jumamosi hii, makala yanapokwenda mitamboni, ni siku ya sita. Kila asubuhi, kabla hajatoka, anamwekea mkewe kikombe cha kahawa chini ya pua.

"Unasikia harufu?"

"Nasikia. Na wewe nakusikia, kaoge."

Hapo ndipo anaweza kuvaa viatu.

Namuuliza atafanya nini siku kumi na nne zikitimia. Ananitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mgeni.

"Zitimie lini? Kesho ni Jumapili, anakaa tena. Hesabu inarudi moja. Daktari anataka siku kumi na nne, soko linampa saba. Mimi nitaishi kwenye saba mpaka taa iwe kijani."

Kuna jambo moja analolitumaini, na analisema akitazama sakafu, kwa sababu kwa mtu wa kazi yake ni aibu.

"Maisha yangu yote nimewaita watu waje kununua," anasema. "Kesho naomba asipate mteja hata mmoja."