Zizi Moja la Miti

Kwetu mimi ndiye niliyebaki nyumbani. Ndugu zangu walikwenda kuchimba dhahabu Geita, wengine wakafungua vibanda Shinyanga mjini. Mimi nikamaliza kidato cha nne, nikarudi, nikakaa. Mama aliwaambia wageni, "Huyu ni kufuli langu. Hatoki, na hakuna wa kumwiba." Kazi yangu kubwa ilikuwa kusoma karatasi: kadi za kliniki, barua za kanisa, maelezo ya dawa za ng'ombe. Nilisoma kwa sauti ya mwalimu mkuu.

Ikaja kampuni ya madini, si ule mgodi mkubwa wa Bugarama, ndogo tu, ikitaka eneo letu. Mthamini akazunguka na daftari, mimi nyuma yake. Akaandika choo, mihogo, miembe, zizi moja la miti. Mama alikuwa kisimani. Mthamini akaniuliza, "Makaburi?"

Baba yangu amezikwa ndani ya zizi lile. Ndivyo Wasukuma wa zamani walivyomzika mkuu wa kaya, na ndivyo mwenyewe alivyousia: bila saruji wala msalaba, ng'ombe wapite juu mpaka udongo uwe sawa. Hiyo ndiyo heshima yenyewe. Lakini mthamini alikuwa na viatu safi, na mimi na kidato changu cha nne nikaona haya kusema baba yuko chini ya samadi.

"Hatuna," nikasema.

Mama akaikataa tathmini kwa sababu nyingine kabisa: walikuwa wameacha kisima chake. Shauri likaenda baraza la ardhi, likazungushwa, hadi kampuni ikaleta hati ya maridhiano. Kisima kitaongezwa kwenye fidia, mama aondoe shauri. Tukaitwa ofisi ya kijiji.

"Soma, baba," mama akaniambia. "Na usikimbie, hakuna anayekufukuza."

Afisa wa kampuni akacheka. "Mama, kumbe umekuja na wakili."

"Wakili wa jikoni. Ndiye niliyejaliwa."

Nikasoma. Kisima nilikisoma mara mbili, kwa mbwembwe. Kwenye orodha nikakuta mstari: Makaburi, hakuna. Nikauruka. Nilijiambia tutawaeleza siku ya kuhama, kimyakimya, kupitia wazee. Chini yake palikuwa na kifungu nilichokitamka vizuri kuliko vyote: mdai anakiri kwamba mali zake zote zimeorodheshwa, na hatakuwa na dai lingine lolote, la sasa wala la baadaye. Nikadhani ni adabu tu za wanasheria, kama "wako mtiifu" mwishoni mwa barua.

Afisa, tumpe haki yake, aliuliza. "Kuna kilichosahaulika? Mnaweza kwenda nayo, mkamwonyeshe mtu wa sheria."

Mama akanitazama. Mtu wa sheria yuko mjini, na mimi na safari hatupatani. "Kila kitu kipo," nikasema.

Mama akaweka dole gumba. Mimi nikasaini kama shahidi, sahihi ndefu yenye mkia.

Tulihamisha vyombo na mifugo kwanza. Wiki iliyofuata mama akarudi nami na wazee na pombe ya mtama, ili wamwambie baba kwamba tunahama naye. Tukakuta uzio, na nyuma ya uzio tingatinga limeshasawazisha kila kitu; hata nguzo za zizi hazikuonekana. Mlinzi akatuelekeza ofisini.

Afisa yuleyule akafungua jalada. "Pole sana, mama. Lakini hapa panasema hakuna kaburi. Na mlikubali hakutakuwa na dai jingine." Kidole chake kilikuwa juu ya mkia wa sahihi yangu.

Mama akavuta kiti akakaa.

"Nisomee," akaniambia.

"Kuanzia wapi, mayu?"

"Mwanzo."

Nikasoma yote mbele ya wazee, na safari hii sikuruka kitu. Nilipofika kwenye makaburi sauti ya mwalimu mkuu ilikuwa imekwisha. Mama akainuka, akajifunga kitenge upya.

"Kumbe taratibu unaweza," akasema.

Siku hizi karatasi zake husomewa na jirani aliyeishia darasa la saba. Nikipita karibu, wananyamaza mpaka nimalize kupita.