Samli kwenye Matairi

Kidato cha tatu nilijiona bingwa wa fizikia kwa sababu moja tu: nilikuwa nakariri daftari zima, pamoja na makosa yake. Kwa hiyo mwalimu alipotupanga wawili wawili tutengeneze vigari, nilijiteua mkuu wa mawazo. Mwenzangu wa dawati, msichana wa Kwashemshi, akaachiwa mengine yote, yaani kazi yenyewe.

Bodi aliichonga kwa mlingoti wa mkonge, kitu kisichokosekana Korogwe. Matairi akayakata kwenye kandambili zake mwenyewe, akashinda wiki nzima peku bwenini. Ekseli zilikuwa spoku za baiskeli. Nguvu ilitoka kwenye utepe wa mpira: unauzungushia ekseli, ukijikunjua gari linaondoka.

Kigari kitakachokwenda mbali kuliko vyote kingepelekwa Tanga kwenye maonesho, na mwanafunzi mmoja wa kukiendesha. Tulikubaliana aende yeye. Hakuwahi kuvuka Muheza, na kila jioni aliniuliza Tanga ikoje. Mimi mtoto wa Kwedizinga, niliyeijua Tanga kwenye picha za kalenda tu, nilimweleza mtaa kwa mtaa.

Asubuhi ya majaribio nikakumbuka daftari: msuguano hupinga mwendo. Nikatoa samli aliyonipa mama ya kulia ugali, nikapaka ekseli. Halafu nikajiuliza, uchoyo wa nini? Nikapaka na matairi, yote manne, mpaka yakang'aa. Sikumwambia. Nilitaka kumshangaza.

Na kweli nilimshangaza. Alipokiachia kwenye sakafu ya bwalo, matairi yalizunguka kwa kasi ya ajabu na kigari kikabaki palepale, kikinukia vizuri. Mpira ukajikunjua hadi mwisho.

"Ugali uko wapi?" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na bwalo zima likaangua kicheko.

Mwalimu akainama, akagusa tairi, akanusa kidole. "Nani kapaka mafuta huku?"

Nikaangalia viatu vyangu. Pembeni yavyo niliona miguu ya mwenzangu, peku.

"Tumepaka sisi, mwalimu," akasema.

Kila kundi lilikuwa na zamu moja tu. Tanga wakaenda wengine. Jioni ile hakunigombeza. Aliuliza tu kama samli imebaki, tulie ugali, nami nikaona aibu kuliko kama angenichapa makofi.

Siku hizi nafundisha fizikia Handeni. Nikifika kwenye msuguano nasimulia kisa cha samli, na darasa hucheka mpaka mkuu wa shule anachungulia dirishani. Huwa naishia kwenye lile swali la ugali bwaloni. Juzi binti mmoja wa mbele hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Mwalimu, na yule mwenzako ulimwomba radhi?"

Nikamwambia kipindi kimekwisha. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini.