Maji Matamu ya Bahareni

Gundi ya unga wa ngano ina harufu ya uji ulioanza kuchacha, yenye utamu hafifu nyuma yake. Juma lililopita nilikuwa nikibandika jalada la kamusi yangu kuukuu, na harufu hiyo iliponipanda puani nilijikuta niko tena darasa la sita, huko Uru, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, gundi imenigandia hadi viwikoni, nikijenga kisiwa kwa vipande vya magazeti.

Nieleze kwa utaratibu. Kila mwaka shule zetu za msingi, za mlimani na za tambarare, zilishindana mjini Moshi katika somo la jiografia. Kila shule ilimtoa mwanafunzi mmoja, naye akaokota kikaratasi chenye jina la nchi ambayo angekuja kuieleza mbele ya wazazi. Iliyoshinda ilichukua tufe la dunia, kubwa kama boga, lenye kuzunguka kwenye mhimili wa chuma. Sisi tulikuwa na ramani moja tu, na panya walikwisha kula Amerika ya Kusini yote. Hatukuwahi kushinda. Mwaka ule nilichaguliwa mimi, nikaokota Bahareni.

Binamu yangu Deo alicheka mpaka akakaa chini. “Manka, nchi gani hiyo? Inzi akitua kwenye atlasi ameifunika yote, na miguu inabaki nje!”

Nilikwenda kwa Mwalimu Felista, aliyekuwa akiniandaa, nikamwomba anibadilishie. Alinitazama juu ya miwani yake. “Nchi kubwa ungeieleza juu juu, mwanangu. Hii utaimaliza.” Kisha akanipa kitabu kinene alichoazima parokiani, akanionya nisikiguse kwa mikono yenye mafuta.

Nami niliimaliza. Nilijifunza kwamba Bahareni ni kisiwa kimoja kikubwa na vingine vingi vidogo, ndani ya Ghuba, kati ya Saudia na Katari. Kwamba daraja refu limevuka bahari kukiunganisha na Saudia. Kwamba ardhi yake ni mchanga na mawe, isipokuwa upande wa kaskazini penye mitende. Nilijifunza kwamba wenyeji wake ni Waarabu Waislamu, Washia na Wasuni, na kwamba wanaishi pamoja na wageni wengi waliofuata kazi. Wana mfalme, na bunge lao lina mabaraza mawili: moja huchaguliwa na wananchi, la pili huteuliwa na mfalme mwenyewe.

Jioni nilimsomea mama hayo yote huku akimenya ndizi za supu ya mtori. Alisikiliza kwa makini kama anayesikiliza posa.

“Mfalme nimemwelewa,” alisema. “Mabaraza nimeyaelewa. Sasa niambie: mto hawana, mvua hawana. Hao watu wanakunywa nini?”

Nikarudi kitabuni, na huko ndiko nilikokuta jambo lililonifanya nisahau hata kula. Zamani, wapiga mbizi waliotafuta lulu walizama na viriba vya ngozi hadi sakafu ya bahari, wakavijaza maji matamu kwenye chemchemi zilizobubujika humo humo, chini ya maji ya chumvi. Mama aliposikia aliweka kisu chini. “Hilo usiliache,” akasema.

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa. Mtoto wa Kahe, kule chini kwenye mashamba ya mpunga, alieleza Brazili na mto wake mkuu, akapigiwa makofi hadi madirisha yakatikisika. Nikapanda jukwaani na kisiwa changu cha magazeti. Niliposema kwamba kilima chao kirefu kuliko vyote huitwa kwa Kiarabu Mlima wa Moshi, na kwamba kingeletwa Uru tungekipanda migomba tusijue ni kilima, watu walicheka, nami nikapata nguvu. Nikamaliza kwa wapiga mbizi na viriba vyao.

Lilibaki swali moja kutoka kwa wazazi, na swali hilo ndilo lililobeba alama nyingi. Akasimama mzee mmoja wa Kahe, mwenye koti la kijivu.

“Walimu, samahani. Mtoto huyu mlimpa chai asubuhi, au ni njaa inayosema? Maji matamu, chini ya bahari ya chumvi!”

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Nilimwona Mwalimu Felista amefumba macho.

“Shikamoo, babu,” nikasema.

“Marahaba, mjukuu wangu. Nijibu basi.”

Hapo nikamkumbuka shangazi yangu aliyeolewa Kahe, na chemchemi ya baridi aliyonipeleka kuoga wakati wa likizo.

“Babu, kwenu Kahe mvua ni haba. Ile chemchemi yenu inapata wapi maji?”

“Yanatoka chini.”

“Na huko chini yalifikaje? Mvua inanyesha kwetu juu, inazama kwenye miamba, inapita chini ya mji huu, chini ya soko na stendi, wala hakuna anayeisikia. Inaibukia kwenu. Na Bahareni ni hivyo hivyo. Mvua ya zamani ilinyesha bara, Uarabuni, ikazama, ikapita chini ya bahari ikatokea kwao.”

Kicheko kilikuwa kimekwisha. Mzee akauliza polepole, “Kwa hiyo maji yetu ni ya kwenu?”

“Hapana, babu. Ni ya Mungu. Kwetu yanapita tu.”

Makofi yalianzia kwenye mabenchi ya Kahe, kwa wapinzani wetu wenyewe, yakasambaa ukumbi mzima. Akina mama wakapiga vigelegele. Tufe lile tulipanda nalo hadi Uru kwenye gari la maziwa, nimelipakata, na Deo akililinda kama askari.

Kabla hatujaondoka, mzee yule alimfuata baba, aliyekuwa ukumbini pamoja na wazazi wengine, wakashikana mikono kwa muda mrefu. Nilidhani anampongeza kwa ajili yangu. Nilikuwa mtu mzima nilipoelezwa kwamba kiangazi kile watu wa Kahe walikuwa wamepanda mlimani, mzee huyo akiwatangulia, kuomba tufunge mifereji yetu ya kumwagilia migomba siku kadhaa, ili maji ya mto Rau yaufikie mpunga wao uliokuwa ukikauka. Kamati ya mifereji iliwarudisha bila jibu, na baba alikuwa katika kamati hiyo. Wiki ile ile ya ushindi wetu nilimwona baba akishika jembe alfajiri, akaelekea mferejini na wenzake. Mimi, malkia wa jiografia, nilikuwa nalizungusha tufe uani, wala sikuuliza anakwenda wapi. Alikwenda kuyaachia maji yashuke Kahe.