Kotama na Upanga

Nakumbuka siku moja, Jumamosi, theluji ya Blaine, Minnesota, Marekani, ikiwa imeanza kuyeyuka kando ya barabara, nilipomvua mzee mmoja mbele ya wageni wake. Usishtuke, mwanangu. Nilimvua soksi moja tu. Lakini ilitosha.

Kwanza ujue anayekuandikia ni nani. Shule niliiacha darasa la sita, kule Rabai, pwani ya Kenya. Leo nina kampuni ya kusafisha maofisi, magari tisa, na wenye digrii wananiletea barua za kuomba kazi. Nazisoma polepole, kidole kikifuata mstari, na wao wanasubiri. Nimejijenga kwa mikono hii. Najisifu, ndiyo, asiyependa afunge ukurasa. Ila hili ninalokusimulia sijalielewa sawasawa mpaka leo, na mimi si mtu wa kukubali upesi kwamba kuna kitu sielewi.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, naishi Richfield, Minnesota hiyo hiyo, na Wakenya wenzangu watatu, nikihudumia wazee majumbani mwao. Mzee wangu wa Blaine alikuwa Mtamil, kutoka kusini kabisa mwa India. Mwanawe Senthil, injinia, alimwita Appa, yaani baba, nami nikamwita hivyo hivyo. Siku ya kwanza nilipomwosha miguu nikakuta sugu upande wa ndani wa nyayo, nene kama soli ya kiatu. Kifuani ngozi ilikuwa imekomaa hivyo hivyo. Nikabaki nimeshika taulo.

"Appa, wewe ulikuwa unapanda miti."

Akacheka. "Mivumo, kijana, jamii ya mnazi. Mirefu kuliko nguzo ya stima. Asubuhi na jioni, nikigema." Akafungua droo ya soksi akanionyesha kotama yake, kile kisu kipana cha mgema, makali bado yapo.

Hakuniuliza nimejuaje, nami sikusema. Miguu ile niliijua kwa sababu baba yangu ana miguu ile ile. Baba ni mgema, anapanda minazi ya watu. Lakini Minnesota nzima nilikuwa nimeiambia, kanisani, kazini, hata Senthil mwenyewe, kwamba baba yangu ni askari jeshi. Nilikuwa nimeisema sana hadi nikaanza kuona gwaride.

Sasa ile Jumamosi. Jumuiya ya watu wao ilikuwa inatengeneza kitabu cha asili yao. Kitabu kinasema wao ni uzao wa tabaka la wapiganaji, waliolinda wafalme wa kale. Ukurasa wa mbele ikatakiwa picha ya Appa, maana ndiye aliyekuwa mkubwa wao wote hapa. Senthil akaleta kilemba chekundu na upanga ambao bado ulikuwa na kibandiko cha dukani. Wazee watatu wakaja kushuhudia. Appa akavalishwa, akakaa kwenye kiti, mpole kama bwana harusi.

Mwanangu, nikakasirika. Hata sasa sijui nilikasirikia nini. Nikaona wanamfuta mzee wangu mbele ya macho yangu, naye anacheka tu. Nikasema, "Mnamvisha upanga wa nini? Huyu ni mgema! Tazameni." Nikainama nikamvua soksi.

Senthil akakunja uso. "Nani amekuuliza? Kazi yako ni kumwosha, si kumtangaza."

Nikangojea wale wazee washangae. Hawakushangaa. Mmoja mwenye miwani akaniangalia kama anayemwangalia mtu aliyepotea njia. "Baba yangu alipanda. Baba wa huyu alipanda. Unadhani nani humu hajui?"

"Basi upanga wa nini?"

"Kwa sababu sisi ni wapiganaji."

"Wagema au wapiganaji?"

"Vyote."

Kichwa kikaniuma. Nikamgeukia Appa aniokoe. Hakuniokoa.

"Nyanya yangu," akasema, "alizuiwa kuchota maji kwenye kisima cha kijiji. Akipita mbele ya wakubwa hakuruhusiwa kufunika kifua chake. Hekaluni tulisimama nje ya ukuta. Baba yangu akachoka, akasema: sisi ni wana wa walinzi wa wafalme. Ungekuwa wewe ungesema nini?"

"Lakini ni kweli, Appa?"

"Sijui. Na yeye hakujua. Najua alipolisema alisimama wima, na mimi nikamwona." Kisha akaunyoosha ule mguu wake mtupu. "Wewe baba yako ni nani?"

"Askari," nikasema. Mdomo ulijibu wenyewe, kwa mazoea.

Appa akautazama mguu, akanitazama mimi. "Mtoto wa askari amejifunzia wapi kuisoma miguu ya mgema?"

Wazee wakaangua kicheko. Mimi nimeshika soksi. "Nivishe," akasema Appa. "Umenivua bila ruhusa, nivishe."

Nikapiga magoti. Nikiwa nimeinamia kidole gumba chake, nikasema, mara ya kwanza tangu nishuke ndege: "Baba yangu ni mgema. Anaitwa Kazungu."

"Akipanda anafunga miguu kwa kamba?" akauliza Appa.

"Hapana. Shina la mnazi tunalichonga vidato."

"Vidato!" Mwenye miwani akapiga paja. "Hiyo ni ngazi! Hata mama mkwe wangu angepanda!"

Tukacheka wote isipokuwa Senthil, aliyekuwa anarekebisha taa. Appa akaniagiza kotama. Senthil akamsihi, "Appa, si kwenye kitabu." Mzee akaishika hata hivyo, upanga kulia, kotama kushoto. Kitabu kilipotoka, picha ilikuwa imekatwa, mkono wa kushoto unaishia kwenye kiwiko. Ile nzima Appa alinipa mimi. Iko ofisini kwangu, na wateja huniuliza yule Mhindi ni nani.

Mara nyingi naiangalia na sijui nifikiri nini. Watu wale walikuwa wapiganaji? Sijui. Walidanganya? Wao hawakumficha yeyote aliyekaa pale sebuleni. Mwongo nilikuwa mimi, niliyekuja kuwafundisha ukweli.

Siku hizi nyinyi vijana mnatema mate kwenye kichupa mnakipeleka kwa posta, mwambiwe mababu zenu walikuwa nani. Sawa. Mimi nakuambia haya machache. Usimvue mtu hadithi aliyoivaa kabla hujauliza ni baridi gani iliyomfanya aivae. Kile ulichokijua kwa kumwosha mtu si chako kukitangaza, hata kiwe kweli tupu. Na wewe mwenyewe, kabla hujadai shujaa yeyote, itaje kwanza kazi ya baba yako, kwa sauti, mbele za watu unaotaka wakuheshimu. Ukishamaliza, dai hata ufalme. Sitakuuliza cheti.

Mungu akupe miguu isiyoteleza, mwanangu, na siku ikichoka, akupe watoto wasioona haya kuiosha.